Shaba Isiyo na Msumari

Kila siku akirudi shule, Tuaibo hakupata nafasi ya kwenda kucheza mpira na wenzake nyuma ya msikiti. Alivua sare, akala alichowekewa na mama yake, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha baba yake, kando ya barabara kuu inayopita Olumbi kwenda Palma. Baba yake, Fundi Suleimane, alikuwa mhunzi. Visu vyake vilijulikana kutoka Palma mpaka Mbau, naye alijua kwamba vinajulikana, na jambo hilo halikumsaidia kuwa mpole.

Kisu cha Fundi Suleimane kilifuliwa kwa chuma cha springi za malori mabovu. Mpini wake ulikuwa wa mpingo. Lakini kilichowafanya watu wavitamani ni shaba iliyokaa shingoni, pale bapa linapokutana na mpini: vipande viwili vya shaba ya manjano, kimoja kila upande, vimebana chuma katikati. Kwa chini vilikuwa na ukingo mdogo uliochomoza, ili mkono ukiteleza kwa ute wa samaki, kidole kigote pale kisifike kwenye makali. Shaba ile ilikuwa pambo machoni pa mnunuzi, na kwa mkataji ilikuwa ulinzi.

Kuiunga shaba ndiyo iliyokuwa kazi ya Tuaibo, kwa sababu macho yake yalikuwa makali na vidole vyake vyembamba. Alivisugua vipande kwa tupa mpaka vilale juu ya chuma pasipite hata mwanga. Alivibana kwenye jiliwa, akatoboa kwa keekee tundu linalopita shaba, chuma na shaba ya pili, akapanua kidogo midomo ya tundu, kisha akapitisha msumari wa shaba ileile. Baada ya hapo ilikuwa ni kugonga kwa nyundo ndogo, taratibu, huku na huku, mpaka kichwa cha msumari kitanuke na kuujaza mdomo wa tundu. Akishapiga msasa, msumari unapotea kabisa. Shaba inaonekana kama imeota pale.

"Msumari ukionekana, hicho si kisu changu," Fundi alizoea kusema. "Hicho ni kisu cha mtu mwenye haraka na choo."

Kibandani alikuwapo mtoto mwingine aliyekuwa akijifunza kazi, Virgílio, rika lake Tuaibo. Yeye na mama yake, Verónica, walikuwa wametelemka kutoka Mueda baada ya baba yake Virgílio kufariki, wakapanga chumba mwisho wa kijiji. Virgílio alikuwa na mikono mizito na moyo wa subira, hakuacha kitu nusu. Wenzao shuleni walimcheka matamshi yake na kumwita mtu wa bara, naye aliendelea tu kutafuna muhogo wake.

Huo ulikuwa mwaka ambao habari ya gesi ilikuwa imeshafika kila jiko. Meli za utafiti zilionekana baharini mchana kutwa, na Palma ilijaa wageni waliotaka kula, kulala na kununua kitu cha kupeleka kwao. Nyumba za wageni ziliota kama uyoga. Mmoja wa wenye nyumba hizo, Dona Lurdes, alimwagiza Fundi Suleimane visu vingi vya jikoni na vya kuwauzia wageni. Jikoni kwake ndiko alikopata kazi mama yake Virgílio. Mama Verónica alikuwa hodari wa kupasua samaki kuliko wanawake wa pwani waliozaliwa na samaki mkononi, na jambo hilo liliwaudhi baadhi yao. Ilisemwa kwamba ujenzi wa mitambo ya gesi kule Afungi utakapoanza, wapishi wa Dona Lurdes ndio watakaochukuliwa kwanza. Mama Verónica aliisubiri siku hiyo kwa hamu. Mkono wake wa kulia ndio uliomlisha yeye na mwanawe, na ndio uliokuwa uwatoe kwenye chumba cha kupanga.

Mambo yaliharibika alasiri moja, Tuaibo alipokuwa akitoboa kwa pupa ili awahi mpira. Alilikandamiza keekee kwa nguvu na ncha yake nyembamba ikakatika, kipande kikabaki ndani ya chuma. Ncha ile iliagizwa Mocímboa, na mara ya mwisho Virgílio alipovunja moja, Fundi alimchapa kwa mkanda wa mashine mpaka akashindwa kukaa kwenye dawati. Tuaibo alitazama mlangoni. Baba yake alikuwa kwenye mivukuto, amempa mgongo. Akaifukia ncha iliyovunjika kwenye jivu, na kisu chenye kipande ndani akakisukumia chini ya rundo la vyuma chakavu.

Sasa angefanya nini? Encomenda, yale maagizo ya Dona Lurdes, ilikuwa inangojwa. Akakumbuka mirija miwili ya gundi aliyoinunua dukani kwa Chaquir kuzibia ndoo iliyopasuka, ile ambayo ukichanganya inakuwa ngumu kama jiwe. Akachukua bapa lingine, akapaka gundi, akabandika shaba, akabana kwenye jiliwa. Hakutoboa tundu. Hakutia msumari. Kesho yake alipiga msasa, na kisu kiling'aa.

Fundi alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya shaba.

"Haya, tafuteni msumari humu!" Fundi alisema kwa sauti, na wateja wawili waliokuwa wamekaa pale wakasogea. "Umeona wapi? Huyu sasa ndiye mwanangu."

Tangu azaliwe, Tuaibo hakuwahi kusifiwa na baba yake mbele za watu. Maskini, sifa ile ilimwingia kichwani kuliko gundi ilivyoingia kwenye shaba. Alijiambia ni kisu kimoja tu. Kisha kikawa kingine, na kingine, na mwisho hata wazo la kukiri kuhusu ncha likamtoka.

"Ncha nyembamba iko wapi?" Virgílio alimuuliza siku moja.

"Ninayo mimi. Wewe tumia ile nene."

Virgílio akatumia ncha nene. Matundu yakawa mapana kuliko misumari, na hata akigonga mpaka mkono ukafa ganzi, pete hafifu ilibaki ikionekana kuzunguka kila msumari. Visu vyake vilishika barabara, ungeweza kuvipigia mawe. Lakini vilikuwa na madoa, na Fundi hakuyavumilia.

"Macho ya chura haya!" alimfokea, akamgonga kichwani kwa mpini wa nyundo. "Mwenzako anafanya kazi, wewe unatoboatoboa. Mikono ya kulimia hiyo, si ya ufundi."

Tuaibo alicheka. Alijua kwa nini pete zile zinaonekana, na bado alicheka, tena kwa sauti.

Jumamosi moja Mama Verónica alirudi kutoka Palma kumwona mwanawe. Alipita kibandani, akawaamkia, akasema Dona Lurdes anataka kila mpishi achague kisu chake katika vile vilivyokwisha. Aliinama juu ya gunia, akatoa kimoja chenye pete shingoni.

"Hiki ni cha mwanangu," alisema, akitabasamu. "Nakijua kwa madoa yake. Nitachukua hiki."

Virgílio aliinamisha kichwa kwa haya, lakini uso wake ulichangamka. Fundi akaguna.

"Mama, usiniaibishe Palma kwa kitu hicho. Tuaibo, mpe mama kisu."

Tuaibo alikuwa na nafasi hapo. Angeweza kumpa kisu ambacho baba yake mwenyewe alikiunga kabla ncha haijavunjika, vilikuwamo humohumo guniani. Lakini alitaka kisu chake ndicho kionekane jikoni kwa Dona Lurdes. Akachukua kile kilichong'aa kuliko vyote, akamnyang'anya mama yule cha Virgílio mkononi, akamwekea chake.

"Chukua hiki, mama. Hicho cha Virgílio ni cha kuchimbia mihogo."

Watu waliokuwapo wakacheka. Mama Verónica alimtazama mwanawe kwa mara nyingine, kisha akakiweka kisu kile kipya kwenye kikapu chake.

Habari ilifika wiki iliyofuata, katikati ya mchana, na gari dogo la mizigo la Dona Lurdes. Dereva alishuka ameshika kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Alikifungua juu ya fuawe. Kilikuwa kisu. Upande mmoja haukuwa na shaba, na upande wa pili shaba ilicheza kama jino bovu.

"Mama Verónica ameumia," alisema. "Kule jikoni wanaviosha visu kwa maji yanayochemka. Leo asubuhi alikuwa anakata kichwa cha nguru, nguru mkubwa. Akakandamiza, shaba ikang'oka, mkono ukateleza mpaka kwenye makali. Mishipa ya vidole imekatika. Wamemkimbiza hospitali Mocímboa. Damu hiyo, Fundi, utadhani wamechinja ng'ombe."

Virgílio alitoa sauti ndogo tu. Alianza kulia, akitaka kujua kama mama yake yuko hai, kama anasema, kama gari litarudi kule. Fundi alikuwa ameinama juu ya kisu, akikitazama chuma pale shaba ilipong'oka. Kilikuwa laini, hakina tobo lolote.

"Hakuna tundu," alisema polepole. "Hakuna msumari. Gundi!"

Aligeuka, na mtu aliyemgeukia alikuwa Virgílio.

"Ni wewe! Ulichekwa kwa misumari kuonekana, ukaona dawa ni kutoitia kabisa. Na mama yako, kwa mapenzi, akarudi kuchukua kisu cha mwanawe. Umemkata mama yako kwa mikono yako, mwanaharamu!"

"Si mimi, Fundi! Alichukua cha Tuaibo! Tuaibo, sema. Wewe ndiye uliyempa. Sema, Tuaibo!"

Watu wote walimtazama Tuaibo. Alijua kisu kile kama anavyojua kiganja chake, na alijua baba yake anao mkanda wa mashine umetundikwa ukutani.

"Mimi nilimpa kimoja," alisema. "Pengine alikibadilisha baadaye. Sijui aliondoka na kipi."

Fundi Suleimane akautoa mkanda ukutani. Alimchapa Virgílio pale pale, mbele ya dereva na wapita njia, mtoto akimlilia mama yake huku akipigwa kwa ajili ya mama yake. Hakuna aliyeingilia. Alipochoka, alimwambia atoke na asirudi, na akamtupia shati lake nje vumbini. Virgílio aliliokota, akalivaa, akashika njia ya Mocímboa kwa miguu.

Jioni ile Chaquir wa dukani alimtungia jina: Mkata Mama. Asubuhi jina lilikuwa limeshafika shuleni. Watoto waliliimba wakati wa mapumziko, wakipiga madawati kwa mikono, na Tuaibo, aliyekuwa amekaa katikati yao, aliimba nao. Aliona asipoimba watamshuku. Usiku hakulala vizuri, lakini mchana aliimba.

Siku zikapita. Dona Lurdes alituma neno kwamba bado anavitaka visu, mradi Fundi ahakikishe vyote ni salama. Fundi akakaa chini na gunia lake. Vile vyenye pete, kazi ya Virgílio, akavitupa kwenye vyuma chakavu. Vile vilivyong'aa, visivyo na doa, akivihesabu vyote kuwa vyake na vya mwanawe, akavipaka mafuta visishike kutu na kuvipanga vizuri juu ya mkeka vimngojee dereva. Tuaibo alisimama mlangoni akitazama. Visu vizima vilikuwa vinatupwa, na vibovu vinakwenda Palma kwenye mikono ya watu. Akajiambia labda hawataviosha kwa maji ya moto tena.

Ilikuwa Ijumaa, na mama yake, Ancha, alikuwa uani akipika. Alikuwa amepata papa mkavu, kipande kinene kigumu kama ubao, na kisu chake cha jikoni kilikuwa butu. Akaingia kibandani, akachukua kimoja mkekani, akatoka nacho.

"Kina mafuta ya karakana hiki," alisema, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa yanatokota kwa ajili ya wali.

Tuaibo alikuwa amekaa kwenye kigogo karibu na jiko. Aliona kisu kikikaa ndani ya maji ya moto. Aliona mama yake akikitoa, akikifuta kwa kanga, akikiweka juu ya papa. Aliona mkono wake wa kulia, ule uliomwogesha na kumlisha, ukikamata mpini, na wa kushoto ukiegemea juu kuongeza nguvu.

"Mama, acha!" alipiga ukelele uliowafanya kuku waruke. "Acha! Kiweke chini! Hakina msumari!"

Ancha alishtuka, akakiachia. Fundi akatoka kibandani. Nyuma yake alitoka dereva wa Dona Lurdes, aliyekuwa ndiyo kwanza afike.

"Kisu gani hakina msumari?" Fundi aliuliza. "Virgílio hakugusa kimojawapo cha hivyo."

Tuaibo alikiokota kisu kikiwa bado na joto. Alisukuma shaba kwa kidole gumba. Ikatoka kama ganda la yai, ikaanguka karibu na mguu wa baba yake.

"Virgílio hakuwahi kutumia gundi," alisema, na sasa alikuwa analia. "Ni mimi. Nilivunja ncha nyembamba nikaificha. Nikaogopa. Halafu ukanisifu. Na kisu alichochukua Mama Verónica ni changu, nilimnyang'anya cha mwanawe mkononi."

Fundi Suleimane aliingia kibandani, akaleta visu vyote vilivyokuwa mkekani, akavitumbukiza kwenye sufuria ya wali. Wote wanne walisimama kuitazama, na wali siku ile haukupikwa. Baada ya muda Fundi alivitoa kwa koleo, kimoja kimoja, akijaribu kila shaba kwa nguvu ya kidole. Alivyoviunga mwenyewe vilibaki imara. Vya Tuaibo viliachia, na shaba zililia zikidondoka kwenye kitako cha sufuria.

Tuaibo aliinama, akitegea mgongo. Alitaka apigwe. Ungekuwa ndio mwisho, angelia na mambo yangekwisha. Fundi alitazama mkanda ukutani, akatazama mikono yake mwenyewe, na uso wake ukawa wa mzee.

"Kipigo chako alishakichukua mwenzako," alisema. "Mimi ndiye niliyempa. Vaa shati. Tunakwenda."

Mama Verónica alikuwa amerudi kutoka hospitali siku iliyotangulia, pamoja na Virgílio. Fundi, Tuaibo na Ancha waliwakuta yeye na mwanawe mbele ya mlango wao, wanakula ugali. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo, ameulaza pajani kama mtoto mchanga. Alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto, matonge yakimvunjikia na kuanguka. Watoto walikuwa wamekusanyika kwenye ua wa makuti, wakimcheka mtu mzima anayekula kwa kushoto. Mmoja wao alimwona Tuaibo, akamwita kwa furaha.

"Tuaibo, njoo umwone Mama wa Mkata Mama!"

Tuaibo alitamani ardhi immeze. Fundi aliwafukuza wale watoto, kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu Olumbi aliyewahi kumwona akilifanya. Alikaa chini mchangani mbele ya Virgílio.

"Mwanangu," alisema, "nilikupiga kwa kosa la mtu mwingine, na sikukuuliza mara mbili. Kazi yako ilikuwa ya kweli, nikaitukana. Naomba radhi, mbele ya mama yako."

Alama za mkanda zilikuwa bado zinaonekana shingoni mwa Virgílio. Alimtazama mama yake, kama kumwuliza mtu anajibu nini maneno kama hayo. Mama Verónica alinawa mkono wa kushoto bila haraka.

"Na wewe?" alimwambia Tuaibo. "Umeletwa au umekuja?"

Tuaibo alieleza yote, tangu ncha ya keekee mpaka papa mkavu. Sauti yake ilikatikakatika. Alipomaliza akasema, "Nisamehe, mama."

"Dona Lurdes amekwisha kuchukua mwanamke mwingine," Mama Verónica alisema. "Simlaumu. Daktari ameniambia vidole hivi viwili havitakunjika tena. Afungi watawachukua wapishi, mimi sitakuwamo. Nikikuambia nimekusamehe leo, nitakuwa nakudanganya, na uongo umetutosha."

Ancha alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mama Verónica aliendelea, macho yake hayakumwachia Tuaibo.

"Nisikilize vizuri, maana nitalisema mara moja. Kuvunja ncha si dhambi, kila afanyaye kazi huvunja kitu. Ungesema siku ile, ungechapwa, na ungepona kabla ya Jumapili. Ulinyamaza, na mimi sitapona. Tena ulinyamaza mwanangu alipopigwa. Ulinyamaza walipomwita Mkata Mama. Ulikuja kupiga kelele ulipouona mkono wa mama yako juu ya kisu kile. Kwa hiyo ulikuwa unajua, muda wote, kwamba mkono una thamani. Ila ulidhani ni wa mama yako peke yake."

Maneno yale yalimchoma Tuaibo kuliko mkanda wowote, kwa sababu yalikuwa kweli yote.

"Na wewe, Fundi," mama yule akageuka. "Ulimfundisha mtoto kwamba kazi nzuri ni ile isiyoonekana ilivyofanywa. Kazi ya kweli na kazi ya uongo zikawa na sura moja, na wewe mwenyewe ukashindwa kuzitenganisha. Ukamchapa aliyetia msumari, ukamsifu asiyetia. Kama unataka radhi yangu, misumari yako ionekane. Mtu anayenunua aione kwa macho yake kabla hajaweka mkono wake."

Fundi Suleimane alikuna kidevu. Kwa mtu wa majivuno kama yeye, lile lilikuwa dawa chungu. Mwisho akaitikia kwa kichwa.

Ndivyo visu vya Olumbi vilivyobadilika. Fundi alinunua nyaya nene za shaba nyekundu, na tangu hapo misumari yote ilikatwa kwenye nyaya hizo. Shaba ya shingoni ilibaki ya manjano, na ndani yake misumari ilionekana miekundu, upande huu na upande ule, kama macho. Dona Lurdes aliletewa visu vyote upya. Ncha nyembamba iliagizwa tena, na Virgílio alirudi kibandani baada ya mama yake kumruhusu. Alikaa upande wake wa meza, akafanya kazi yake, wala hakumsemesha Tuaibo zaidi ya ilivyolazimu. Shuleni Tuaibo alisimama mbele ya darasa akaeleza Mkata Mama hasa ni nani. Walimzomea kwa muda mrefu, na mwalimu hakuwazuia.

Mama Verónica alifungua meza ya samaki wa kukaanga kando ya barabara, karibu na kibanda. Aliweza kugeuza samaki kwa mkono wa kushoto, lakini kupasua hakuweza. Kazi hiyo aliifanya Tuaibo, kila asubuhi kabla ya shule, huku wenzake wakipita na mabegi na kumchekelea. Alitumia kisu alichomtengenezea mwenyewe: alikitoboa, akakipitishia misumari miekundu na kuigonga mpaka mikono ikatoka malengelenge, naye Virgílio akasimama juu yake akikagua kila pigo.

Asubuhi moja gari lilisimama, akashuka mgeni aliyekuwa anakwenda Palma. Alinunua samaki, kisha akakiona kisu mkononi mwa Tuaibo.

"Kizuri hicho," alisema. "Lakini fundi wenu hakukimalizia vizuri. Mbona misumari imeachwa inaonekana?"

Tuaibo alifungua mdomo kujibu. Mama Verónica akamtangulia. Aliweka chini mwiko wake, akaunyanyua mkono wa kulia mbele ya uso wa mgeni, akajaribu kuukunja. Vidole vingine viliitikia. Viwili vilibaki vimesimama.

"Ndiyo sababu," alisema, akaokota mwiko na kuendelea kugeuza samaki.